Msalaba wa mukuba wa nkambo, na kwa nini upande wetu hatuna mjomba

MwalimuWaKatuba ameuliza:

Jambo yenu wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Ninauliza jambo la familia yangu, lakini naona ni la mji mzima, ndiyo maana nimelileta mbele za watu. Naomba mnisome hadi mwisho.

Nkambo wangu, yaani bibi yangu, aliyenilea alituacha mwezi wa saba. Kilio kilipokwisha na watu wakarudi makwao, tulibaki wanawake watatu kupanga vitu vyake. Chini ya kitanda kulikuwa na sufuria ya zamani, na ndani ya sufuria kitu kizito kimefungwa kwa kipande cha kitenge ambacho rangi yake ilishakwenda. Nikafungua. Ni msalaba wa mukuba, shaba ile ya wazee. Si msalaba wa kanisani: mikono yake minne inakaribia kulingana, umekaa kama X, mgongoni una mstari ulioinuka, na chini una vipele vya mchanga uliomiminiwa. Nilikwenda kuupima kwa mama anayeuza samaki wakavu pale kona. Unapungua kidogo kufika kilo moja.

Kila mtoto wa Lubumbashi anaujua msalaba huo. Mitatu ilikuwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga 1960. Umechomelewa kwenye malango ya watu, unauzwa mjini kama pambo la ukutani. Mimi mwenyewe huwachorea wanafunzi ubaoni na kuwaambia: hizi zilikuwa pesa za wazee wetu, walijua kuyeyusha mukuba kabla Mzungu hajatia mguu hapa. Huwa nasema kwa fahari. Basi nikamwonyesha nkambo mdogo, mdogo wake marehemu, nikidhani atafurahi. Akaangalia mlango kwanza. Kisha akasema: "Funika. Ile njo nkambo yetu. Njo bei yake."

Wiki mbili alikataa kuongeza neno. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika, tunasonga bukari kwa mwanga wa simu, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Alisema mama wa mama yao hakuwa mtu wa hapa. Alichukuliwa akiwa binti ambaye bado hajavunja ungo, katika nchi yenye maziwa mengi na mafunjo upande wa kaskazini, na watu waliokuja na bunduki wakati wanaume wako uvuvini. Alitembezwa hadi Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Huko alikaa katika lupango, yaani boma, la mkubwa mmoja, akilima. Msiri alipouawa na watu kutawanyika, mtu mmoja wa kabila la Walamba, wa huku kwetu karibu na mto Lubumbashi, alimchukua kwa yule mkubwa kwa misalaba miwili na baruti. Mmoja ulibaki kwa muuzaji. Mwingine, nkambo mdogo anasema, yule bwana aliurudisha baadaye mikononi mwa mke wake, siku alipomzalia mtoto wa tatu, akamwambia: sasa hudaiwi. Yeye akaufunga katika nguo, na tangu siku hiyo umekwenda kutoka mama hadi binti, bila kutajwa.

Sasa kuna jambo lililonirudia kichwani ambalo miaka yote sikulielewa. Mwaka 2009 tulikuwa tunamwoza binamu yangu. Watu wamekaa mkekani, mahari inajadiliwa, na mzee mmoja wa upande wa pili akauliza, "Mjomba wenu mkubwa ni nani? Nani anapokea kwa ukoo wa mama?" Wa kwetu wakatazamana. Yule mzee akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia: "Hawa ni wana wa mupika." Wasiojua neno hilo: mupika ni mtumwa. Nkambo wangu aliinuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Ndoa ilifungwa hata hivyo. Hakuna aliyelizungumza tena, na mimi nilidhani ni tusi tu la mtu aliyelewa.

Maswali yangu. Je, hadithi ya nkambo mdogo inalingana na mambo yaliyotokea kweli? Shuleni programu inasema mji wetu ulizaliwa 1910, Wabelgiji wakauita Élisabethville, reli ikafika, mgodi ukafunguliwa. Utumwa tunaufundisha kama mambo ya Zanzibar, ya Nyangwe na Kasongo kule Maniema, na ya Amerika. Kwamba ulipita hapa, chini ya nyumba zetu, sijawahi kulisoma ubaoni wala kulisikia kanisani. Na pili, kaka zangu wamepata mtu anayezunguka akinunua vitu vya kale, anatoa dola 200 kwa msalaba huu. Jumapili ya wiki ijayo tunakutana. Nitawaambia nini?

DerevaWaKasumbalesa amejibu:

Mwalimu, pole kwa msiba. Mimi si msomi, naendesha lori la mzigo, Lubumbashi hadi Dar kwa njia ya Zambia, mwaka wa kumi na saba sasa. Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa unapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, halafu Ndola. Gari langu liliwahi kunikatalia Ndola, nikakaa siku tatu nikisubiri kipuri. Kwa kuchoka kukaa nikawa natembea mjini. Kwenye barabara ya Makoli kuna mti mkubwa wa mupapa uliozongwa na mtini, umewekewa uzio na bamba. Wenyewe wanauita Mti wa Watumwa. Bamba linasema chini ya kivuli chake wafanyabiashara Waswahili walikuwa wanakutana, na watu waliuzwa pale. Ni kumbukumbu ya taifa, serikali yao inaitunza. Nilisoma lile bamba mara mbili, kisha nikakaa kwenye ukingo wa barabara kama mtu aliyepigwa, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa anauza mahindi pale alinieleza habari za Chiwala.

Chiwala alikuwa mkubwa wa wale wafanyabiashara. Watu wake hadi leo wako karibu na Ndola, wana chifu wao anayeitwa Chiwala, wanaitwa Waswahili na wana msikiti wao. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kabla ya kwenda Ndola, Chiwala alikuwa na boma lake huku kwenye mto Luapula, karibu na sisi. Wabelgiji walimpiga mwaka 1897, na Brasseur, mkubwa wao, alifia palepale kwenye boma. Ndipo Chiwala alipohamia upande wa pili na kukaa Ndola. Kwa hiyo, Mwalimu, biashara ile inayokumbukwa na mti wa Ndola ilikuwa ya huku na huku. Mpaka haukuwepo. Wao wana bamba. Sisi tuna Luapula, tunavua samaki tu.

Mimi nilizaliwa Ruashi. Kilomita chache kutoka kwetu kuna mgodi wa Étoile, ambao wazee waliuita Kalukuluku na kuchimba mukuba hapo kabla ya kampuni yoyote. Hakuna aliyeniambia huo mukuba ulinunua nini. Nimefika umri wa miaka 44 nikisoma habari za kwetu kwenye mti wa nchi ya watu.

Usikubali wauze. Dola 200 ni matairi mawili mabovu.

MzeeWaLikasi amejibu:

Binti yangu Mwalimu, nimesoma barua yako jana usiku, nikalala vibaya, nikairudia asubuhi. Nijitambulishe: mimi ni Myeke, wa watu wa Msiri. Baba wa babu yangu alikuwa na lupango Bunkeya wakati wa Mwami Msiri. Inawezekana si yule aliyemshika nkambo wako, na inawezekana ndiye. Ninaandika nikiwa na hilo moyoni.

Kwanza hadithi inalingana. Msiri, tunayemwita Mwenda, mwana wa Kalasa, alitoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Baba yake alikuwa akija Katanga kununua mukuba na kurudi. Mwana akaja na bunduki na akabaki, akajenga ufalme ambao Wazungu waliuita Garenganze, mji wake Bunkeya. Kwetu sisi ni mjenzi, ni mzazi wa ukoo, na kila tarehe 20 Desemba tunakusanyika Bunkeya kumkumbuka, maana siku hiyo mwaka 1891 Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa na mfalme wa Wabelgiji, alimpiga risasi, na Bodson naye akapigwa na watu wetu akafa. Hayo nawafundisha wajukuu wangu na nitaendelea. Lakini bunduki na baruti havikuota shambani. Vililipwa kwa pembe, kwa mukuba, kwa chumvi, na kwa watu.

Njia zilikuwa mbili. Moja ya mashariki, kupita Luapula na Ziwa Tanganyika hadi Tabora na Zanzibar. Ya pili ya magharibi, kupita nchi ya Walunda hadi Bihé na Benguela, Angola, kwa Wareno na washirika wao wa kule, Waovimbundu. Msiri hata alioa mwanamke wa upande huo, Maria da Fonseca. Hiyo njia ya magharibi watu wanaisahau kabisa. Tukisema utumwa, midomo yetu inakimbilia kusema "Mwarabu", na nafsi zetu zinapumzika. Mwingereza Cameron alivuka nchi ya Waluba na kufika Benguela mwaka 1875. Njiani aliuona msafara wa mtu anayeitwa Coimbra, mtoto wa Mreno, ukiletwa na wanawake 52 waliofungwa kamba, mafungu ya watu kumi na saba au kumi na wanane kila kamba. Cameron anahesabu kwamba vijiji kumi viliteketezwa ili kuwapata hao 52. Na mfalme wa Waluba wa wakati huo, Kasongo Kalombo, ndiye aliyeruhusu uvamizi ule, juu ya watu wake mwenyewe. Kwa hiyo nkambo wako kutoka nchi ya maziwa na mafunjo, yaani Upemba, anaweza kuwa alishikwa na Wayeke, anaweza kuwa alitolewa na wakubwa wa Kiluba. Walioishika ile kamba walikuwa wengi, binti yangu.

Na waliokuja kumwua Msiri wakisema wanaondoa utumwa? Stairs alitoka Zanzibar na mamia ya wapagazi. Katika misafara ya Zanzibar ya wakati ule, wapagazi wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, mshahara wakigawana. Walibeba mizigo ya watu waliokuja kukomesha utumwa.

Sasa nije kwenye la mjomba, kwa sababu naona hapo ndipo panapokuuma. Sikiliza vizuri. Kwa Walamba, waliokaa kwenye ardhi hii kabla ya mji, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anazaa, lakini mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayeamua, anayepokea mahari, anayelia kwanza msibani. Mume anaweza kulima miaka na miaka kwa wakwe zake, na bado watoto si wake. Mtu aliyetaka watoto wawe wake kabisa, wasichukuliwe na mjomba yeyote, alikuwa na njia moja tu: kumpata mwanamke asiye na ndugu. Mwanamke asiye na ndugu alitoka wapi? Ndiyo hiyo. Alilipiwa misalaba. Watoto wake walibaki kwa baba, wakaitwa kwa ukoo wa baba, wakapendwa pengine, lakini mkekani siku ya mahari pengo linaonekana. Yule mzee wa 2009 aliona pengo hilo, akalitia jina chafu. Alikosa adabu. Lakini hakubahatisha.

Kutokuwa na mjomba ndiyo karatasi yenu. Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi, Kipushi zina karatasi hiyo na hazijui kuisoma.

Nikuombe jambo moja. Usimwulize nkambo mdogo "alitoka kijiji gani", hatajua. Mwulize alikuwa anasema nini alipokuwa mgonjwa, alipokuwa anakufa. Wazee wa namna hiyo hurudi kwenye lugha yao ya utotoni. Mwulize alikuwa anamwita nani.

MwanaWaKenya amejibu:

Yaya Mwalimu, mimi ni wa komini ya Kenya hapa hapa mjini, mwanafunzi. Naomba usinichukie kwa ninachosema. Naogopa.

Wazazi wangu wana asili ya Kasai. Baba alizaliwa hapa Lubumbashi, baba yake alikuja kufanya kazi Union Minière, ile kampuni ya migodi. Mwaka 1992 na 1993, wakati Katanga bado inaitwa Shaba, watu wa Kasai walifukuzwa. Baba na mama walilala stesheni ya Likasi wiki kadhaa wakingoja treni, dada yangu mkubwa alifia pale, ana miezi minane. Yalianza kwa maneno: huyu ni mwenyeji, huyu ni wa kuja. Leo ukiweka hadharani kwamba fulani ni uzao wa walionunuliwa na fulani ni uzao wa walionunua, kesho mwanasiasa atalibeba hilo jukwaani. Papa MzeeWaLikasi ameandika kwa heshima, lakini wangapi wataandika kama yeye?

Sisemi msalaba uuzwe. Nasema labda nkambo zetu walinyamaza kwa sababu walijua wanachokifanya. Kunyamaza kuliwaozesha watoto wao.

Na jambo lingine. Babu yangu alisimulia jinsi Bourse du Travail, ile ofisi ya kuandika wafanyakazi iliyoanzishwa 1910, mwaka ule ule wa mji, ilivyokuwa ikipata watu kijijini. Chifu anatakiwa kutoa idadi. Usiku askari wake wanazunguka nyumba. Asubuhi vijana wanaondoka wamefungwa kamba shingoni ili wasitoroke, hadi njia ya reli. Kisha wanapewa karatasi na kuambiwa ni mkataba. Babu alisema wanawake wazee wa kijiji walipoona ile kamba walikwenda kujificha porini, kwa sababu waliijua.

MstaafuWaReli amejibu:

Nimefanya kazi relini miaka 31, naongeza moja tu kuhusu ile njia ya magharibi aliyoitaja Mzee wa Likasi, maana watu wanadhani iliisha na Msiri 1891.

Haikuisha. Ureno ilikuwa na visiwa vya São Tomé na Príncipe, mashamba ya kakao, na ilihitaji mikono. Watu kutoka bara, na wengi walitolewa ndani ya Kongo hii, walishushwa Benguela, wakaandikiwa mkataba mezani na kupakiwa melini. Kwa jina walikuwa wafanyakazi wa mkataba. Kurudi hawakurudi. Mwandishi Mwingereza, Henry Nevinson, alipita njia ile 1904 hadi 1905, akakuta pingu za mbao zimetupwa kando ya njia, na mifupa. Kampuni ya Cadbury na wenzake waliacha kununua kakao ya São Tomé mwaka 1909. Reli ilifika Élisabethville 1910, na mukuba wa kwanza ukayeyushwa Lubumbashi Juni 1911. Hesabuni wenyewe miaka. Watu waliomwaga mukuba ule wa kwanza wanaweza kuwa na kaka aliyekuwa bado São Tomé akivuna kakao.

Na wako waliorudi. Baada ya Ureno kumpindua mfalme wake 1910, baadhi ya Waluba walirudi kutoka Angola kwa miguu, wakiwa wameshakuwa Wakristo kule utumwani. Mimi ni mtu wa kanisa, na nyimbo nyingine tunazoziimba huku kaskazini zilikuja na hao.

MwalimuWaKatuba amejibu:

Ninawaandikia usiku wa Jumapili, watu wameondoka sasa hivi.

Kwanza kwa MwanaWaKenya, mdogo wangu. Sikuchukii. Nimeisoma habari ya dada yako nikalia, na nimekaa na maneno yako wiki nzima. Ndiyo maana sikutaja jina la ukoo hata moja hapa wala sitataja. Lakini neno "mupika" lilisemwa 2009 mkekani kwetu na mtu aliyekuwa analijua. Kimya chetu hakikulizuia. Kilichofanyika ni kwamba wao walijua na sisi hatukujua, na nkambo akajifungia jikoni peke yake. Kwa habari ya kamba ya babu yako, nitaomba ruhusa yako kuisimulia darasani, bila jina.

Papa Dereva, nimewaonyesha kaka zangu picha ya mti wa Ndola kwenye simu. Mkubwa aliitazama muda mrefu.

Sasa la Mzee wa Likasi. Baba, nilifanya ulivyoniagiza. Ijumaa nilikwenda kwa nkambo mdogo, nikamkuta anachambua sombe, majani ya mihogo, nikakaa naye tukachambua pamoja hadi beseni likajaa. Nikamwuliza: alipokuwa anakufa, alikuwa anaita nani? Yeye hakumkuta, lakini mama yake alikuwepo, na mama yake alimsimulia. Akasema bila kufikiri, kana kwamba swali limemngoja: "Alikuwa anaita bwana moja. Manseba. Manseba, manseba, usiku muzima. Mama alituambia ilikuwa jina ya bwana yake ya kwanza, ya kule Bunkeya. Baba alikasirika sana, hakuenda hata ku kilio."

Mimi nilinyamaza. Majani ya sombe yalinidondoka. Neno hilo nalisikia karibu kila siku kwa majirani zetu wanaosema Kiluba, na yeye nkambo mdogo analisikia pia, amekaa Katuba maisha yake yote. Lakini hilo moja alilitunza mahali pengine, jinsi alivyopewa na mama yake, kama jina la mtu. Nikamwambia: nkambo, manseba si jina. Manseba ni mjomba.

Aliacha kuchambua. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi alikuwa naye."

Hakusema lingine hadi jua linatua. Kisha akataka msalaba uletwe, wala hakuangalia mlango safari hii, akaupangusa kwa khanga yake.

Leo kwenye kikao niliwasomea kaka zangu majibu yenu yote kwa sauti, na la Mzee wa Likasi nililisoma mara mbili kwa sababu waliomba. Kaka mkubwa, aliyekuwa ameshazungumza na yule mnunuzi, ana shida ya kweli ya pesa, mtoto wake yuko chuoni na karo haijalipwa. Sikumlaumu. Tumechangishana sisi sita, tumefika dola 140, na kinachobaki dada wa Kipushi ameahidi mwisho wa mwezi. Mnunuzi ameshapigiwa simu.

Binti wa dada yangu anaposwa mwezi wa kumi na mbili. Nkambo mdogo ameshapanga. Upande wetu wa mkeka patawekwa kiti kimoja, hakuna atakayekikalia, na msalaba utakuwa juu yake, bila kufunikwa. Kabla hela yoyote haijahesabiwa, wageni wataambiwa kiti hicho ni cha nani. Amesema atawaambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na amekwisha kunituma nimtafutie mtu wa Kiluba amfundishe kulitamka neno hilo sawasawa.